Plasta Imetolewa, Kazi Ndiyo Inaanza

Leo tuzungumze kuhusu siku ambayo kila aliyewahi kuvunjika mguu, kuumia goti au kupasuliwa anaijua vizuri: siku daktari anapotamka kwamba umepona. Plasta inakatwa, nyuzi zinatolewa, nyumbani watu wanasema alhamdulillahi, wageni waliokuwa wakija kukujulia hali wanapungua. Kisha unasimama, na mguu haukubebi. Paja limekonda, goti limekaza, hatua ishirini tu na pumzi inakuishia. Sasa tujiulize: ikiwa mfupa umeunga na kidonda kimefunga, nguvu zimekwenda wapi? Na nani wa kuzirudisha? Jibu langu leo ni moja, na nitalirudia ili usilisahau hata kama redio yako itakatika katikati: jeraha hupona kwa kupumzishwa, lakini nguvu hurudi kwa kutumikishwa kwa kipimo. Mambo hayo ni mawili tofauti, na wengi wetu tunafanya la kwanza halafu tunadhani tumemaliza yote.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa kaskazini mashariki mwa Kenya? Kwa sababu huku watu huumia kwa njia nyingi. Kuna bodaboda zinazogongana mjini na magari yanayopinduka kwenye barabara ndefu za vumbi. Kuna mchungaji anayeanguka kutoka mgongoni mwa ngamia, bibi anayeteleza usiku akitoka nje akavunjika nyonga, kijana anayeumia goti uwanjani jioni. Na yako majeraha ya risasi na mabomu ambayo eneo letu limeyabeba kwa miaka mingi. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, watu 148 waliuawa. Idadi hiyo Kenya nzima inaikumbuka, na ni haki ikumbukwe. Lakini siku ile kulikuwa pia na majeruhi zaidi ya sabini, na baadhi yao walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi kwa matibabu. Habari za majeruhi hudumu magazetini kwa wiki moja au mbili, kisha kalamu zinahamia kwingine. Ilhali kwa aliyepigwa risasi ya mguu, wiki hizo mbili ni mwanzo tu. Baada yake inakuja miezi, pengine miaka, ya kujifunza upya kupanda ngazi, kubeba mzigo na kutembea sokoni bila kuchechemea. Miezi hiyo ndiyo ninayoizungumzia leo, maana haina kamera wala wageni, na mara nyingi mtu huachwa apambane nayo peke yake.

Hebu tuanze na ushahidi. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas huko Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wenye afya njema, wenye umri wa miaka ishirini, wakawalaza kitandani kwa wiki tatu. Hawakuwa wagonjwa wala hawakuvunjika chochote, walilala tu. Walipoinuka, uwezo wa mioyo na mapafu yao kuhimili kazi ulikuwa umeshuka vibaya. Miaka thelathini baadaye watu hao hao watano walipimwa tena, wakiwa sasa na umri wa miaka hamsini. Na ilionekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka thelathini ya kuzeeka. Sikiliza hapo tena, msikilizaji: wiki tatu za kulala zilichukua nguvu nyingi kuliko miaka thelathini ya umri. Lakini utafiti ule una habari njema pia. Wakiwa na miaka hiyo hamsini, walipewa mazoezi yaliyoongezwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi sita, na uwezo waliokuwa wameupoteza kwa uzee ukarudi. Mifupa nayo ina kanuni kama hiyo. Daktari mpasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ukitumika, unakuwa imara. Ukiachwa bila kazi, unapungua. Ndiyo maana wanaanga wanaokaa kwenye kituo cha angani, ambako mwili hauna uzito, hupangiwa karibu saa mbili za mazoezi kila siku ili mifupa na misuli yao isiyeyuke. Basi ikiwa kijana mzima wa miaka ishirini anaporomoka kwa wiki tatu, tutarajie nini kwa mzee aliyelala miezi mitatu kwa sababu ya nyonga?

Najua kuna msikilizaji anayesema: lakini nikitembea naumia, na maumivu ni mwili unaniambia niache. Hoja hii ina uzito na sitaipuuza. Maumivu ni mjumbe, lakini huleta ujumbe wa aina mbili. Kuna maumivu ya kiungo kilichokaa muda mrefu bila kazi: yanavuta, yanachoma kidogo wakati wa zoezi, kisha yanatulia, na kesho asubuhi unaamka ukiwa kama jana au nafuu zaidi. Hayo si ya kuogopa. Na kuna maumivu yanayokua badala ya kutulia: kesho yake kiungo kimevimba, kina joto, huwezi hata kukigusa. Hayo yanasema umezidisha, punguza, usiache. Kipimo chako kiwe asubuhi ya pili yake. Jiulize kila unapoamka: leo nikoje kuliko jana? Halafu kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi wala jioni. Mguu mmoja ukivimba ghafla kwenye shavu la mguu, hasa ukifuatiwa na kubanwa pumzi au maumivu ya kifua. Kidonda kikianza kutoa usaha na mwili kupata homa. Mguu ukifa ganzi au ukishindwa kabisa kuinuka. Hapo hakuna mazoezi, ni hospitali mara moja. Lakini nje ya dalili hizo, kumwambia mgonjwa alale tu kwa sababu anaumia ni kumwonea huruma kwa namna inayomdhuru. Nalirudia: jeraha hupona kwa kupumzishwa, nguvu hurudi kwa kutumikishwa kwa kipimo.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana wako wanaopotea kwa kulala na wako wanaopotea kwa haraka. Kijana anatolewa plasta Jumatatu, Ijumaa yuko uwanjani. Mchungaji anasikia mvua imenyesha upande wa pili, analifuata kundi la ngamia kwa siku tatu kwa mguu uliounga mwezi uliopita. Hawa nawaambia neno ambalo kila mfugaji wa huku analifahamu. Baada ya ukame, mnyama aliyenusurika akiwa mifupa mitupu haachiwi ajishindilie majani mabichi siku ya kwanza, wala hapelekwi mwendo mrefu; anaongezewa malisho na mwendo siku hadi siku, la sivyo ataangamizwa na neema ile ile aliyoingojea. Mwili uliotoka kwenye jeraha unahitaji uangalizi huo huo. Madaktari wa michezo wameona kwamba wachezaji waliofanyiwa upasuaji wa kano ya goti wakirudi uwanjani kabla ya kutimiza miezi tisa, wanaumia tena mara nyingi zaidi kuliko wanaosubiri. Miezi tisa, ndugu zangu, na hao ni wachezaji wenye madaktari wao! Mtazame mkimbiaji wetu David Rudisha. Mwaka 2012 jijini London alivunja rekodi ya dunia ya mita 800. Mwaka uliofuata goti lilimzuia kwenda kwenye mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporejea mwaka 2014 hakurudi akiwa yule wa London. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow alipata medali ya fedha, nyuma ya Nijel Amos wa Botswana. Wapo waliosema amekwisha. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing, na mwaka 2016 akatwaa dhahabu ya Olimpiki Rio. Na kwa wale wanaokumbuka, yuko Abdi Bile wa Somalia, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 1987. Jeraha lilimnyima Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988. Alirudi, akapata shaba ya dunia mwaka 1993, na mwaka 1996, akiwa na zaidi ya miaka thelathini, alikimbia fainali ya Olimpiki Atlanta na kumaliza wa sita. Watu hawa walikuwa na miili ya ajabu, na bado iliwachukua muda. Wewe na mimi tuna haraka ya nini?

Haya, kipimo hicho kinapatikanaje nyumbani mtaani Bula Iftin au kijijini, bila mashine na bila ukumbi wa mazoezi? Kwanza, ruhusa ya daktari: muulize ni uzito kiasi gani mguu au mkono wako unaruhusiwa kubeba, na kuanzia lini. Ukishapata ruhusa, fuata ngazi moja baada ya nyingine. Ngazi ya kwanza ni kukunja na kukunjua. Ukiwa umelala, vuta kisigino polepole kuelekea makalio, kisha nyoosha. Kaza msuli wa paja, hesabu hadi tano, legeza. Ngazi ya pili ni nguvu. Kaa kwenye kiti au ukingo wa kitanda, simama, kaa tena. Mara tano leo, na usiongeze hadi tano ziwe nyepesi. Kwa mkono, usihangaike kutafuta vyuma: lita moja ya maji ni kilo moja. Anza na chupa ya lita moja, nenda kwenye kidumu cha lita tatu, kisha tano. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini, na mama aliyevunjika mkono asiukimbilie kwa kuwa tu alikuwa akiubeba zamani. Ngazi ya tatu ni kujisawazisha: shika fremu ya mlango, simama kwa mguu mmoja. Ngazi ya nne ni mwendo. Hapa kwetu kuna jambo la kuangaliwa, nalo ni mchanga. Kutembea kwenye mchanga mwingi kunakitesa kifundo cha mguu na misuli ya nyuma ya mguu, basi anzia penye ardhi ngumu iliyo sawa, na mchanga uuachie baadaye, ukishakuwa imara. Wakati huo utakujenga. Jambo la pili ni jua. Tembea baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijapanda, au baada ya alasiri likianza kushuka. Na usisahau chakula: misuli hujengwa na maziwa, nyama, maharage na mayai. Miraa hukata hamu ya kula, na sigara huchelewesha mfupa kuunga, kwa hiyo anayetaka kurudi haraka aziweke kando.

Wapo watakaosema: afya ni majaliwa ya Mungu, haya mazoezi ni mambo ya wazungu. Kwa heshima, naomba tutafakari pamoja. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na katika ibada yenyewe tumefundishwa kipimo. Asiyeweza kusali amesimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala ubavu. Mgonjwa halazimishwi asichokiweza, wala haambiwi aiache swala kabisa; anafanya anachoweza, na kadiri anavyopata nafuu ndivyo anavyosogea juu. Mwezi wa Ramadhani nao, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Anayefunga na bado anajijenga anaweza kuweka mazoezi yake mepesi karibu na wakati wa kufuturu, au baada ya tarawehe, akishakunywa maji. Kufuata kipimo katika mwili, basi, si jambo geni kwetu hata kidogo.

Nataka pia niseme neno kuhusu wazee wetu wanaounga mifupa kwa mikono. Jamii za wafugaji zimewategemea kwa vizazi vingi, na kuwadharau hakutamsaidia mgonjwa aliye mbali na hospitali. Wanajua kugusa mfupa na kutambua ulipovunjika. Lakini hatari mbili zisemwe wazi. Ya kwanza ni kufunga vijiti na vitambaa kwa kukaza mno, damu ikazuiwa; vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, kifungo kilegezwe hapo hapo na mgonjwa akimbizwe hospitali, maana watu wamekatwa viungo kwa kuchelewa. Ya pili ni kukanda kwa nguvu mahali palipovunjika kabla hapajaunga. Maoni yangu ni kwamba wazee hawa waitwe katika zahanati, waonyeshwe hatari hizi, na wao waonyeshe wanachokijua. Mzee anayemtembelea mgonjwa wake kila baada ya siku chache, akimwambia leo kunja goti, kesho simama, ni msaada mkubwa.

Kuna hoja nyingine nzito kuliko zote, nayo ni tumbo. Mtu atasema: nikingoja ngazi zako nne, watoto watakula nini? Sina jibu la wepesi kwa swali hili, lakini nina hesabu. Anayerudi kazini mwezi mmoja mapema na kuumia upya, anaweza kupoteza mwaka mzima, na pengine asirudi tena. Njia ya kati ipo: kurudi kwenye kazi kwa vipande. Mwenye bodaboda anaweza kuanza kwa kukaa dukani kwa ndugu. Mchungaji anaweza kubaki na mbuzi karibu na boma wakati kijana mwingine wa ukoo anakwenda na ngamia. Ukoo unaochanga pesa za kumpeleka mtu hospitali ujue kwamba mchango haujaisha siku anaporudi. Sasa anachohitaji ni muda, na mtu wa kumshikia zamu. Na akina mama? Wengine husema mwanamke hawezi kufanya mazoezi hadharani. Sawa, hakuna anayedai hadharani. Haya yote yanafanyika ndani ya ua, nyuma ya mlango, na yakifanywa na mama wawili watatu wa mtaa kwa pamoja yanakuwa mepesi zaidi. Kosa ni kumwacha mama alale kwa sababu ya haya, kisha tukamshangaa mwaka ujao kwamba hawezi kuinuka bila kushikwa.

Hoja ya mwisho ni hii: hapa si Nairobi, wataalamu hawapo. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kidumu cha maji kinachukua nafasi ya mtaalamu. Aliyeumia uti wa mgongo, aliyekatwa mguu, aliyeumia kichwa, hao wanahitaji mikono iliyosomea. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka Garissa mjini, na kwa mtu wa Mandera ni safari ya karibu kilomita elfu moja. Hakuna mgonjwa atakayesafiri hivyo kila wiki kwenda kukunjwa goti. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachofikiwa, na huduma za afya zimekabidhiwa kaunti. Basi kaunti zetu zihesabu urejeshaji wa nguvu kuwa ni sehemu ya matibabu, si nyongeza. Hata mfano tunao karibu. Katika kambi za Dadaab, shirika la Humanity & Inclusion, ambalo zamani liliitwa Handicap International, limekuwa likitoa huduma za fiziotherapia na vifaa vya kutembelea kwa wakimbizi. Kama inawezekana kambini, inawezekana katika miji ya Modogashe, Hulugho na Habaswein. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kufundishwa ngazi zile nne na zile dalili za hatari, na mtaalamu wa hospitali ya rufaa ya Garissa akawaongoza kwa simu.

Basi tukusanye tuliyoyasema kabla muda haujatuacha. Kulala kupita kiasi kunaiba nguvu, na kuharakisha kunarudisha jeraha. Maumivu yapimwe kwa asubuhi ya pili yake. Mazoezi yapande ngazi: kukunja, nguvu, kujisawazisha, mwendo, kisha kazi na mchezo. Na sasa naomba mambo matatu. Wewe mgonjwa, usitoke hospitalini bila kuuliza: nifanye zoezi gani, mara ngapi, na nirudi lini? Wewe ndugu wa mgonjwa, usikome kumtembelea plasta inapotolewa. Nenda ukatembee naye alfajiri. Nanyi mliopewa dhamana ya afya katika kaunti zetu, wekeni wataalamu wa viungo katika kila hospitali ya kaunti ndogo, kwa sababu mtu aliyeungwa mfupa lakini akaachwa hawezi kutembea bado hajamaliza kutibiwa. Na kila anayeuguza jeraha saa hii, Mwenyezi Mungu amjaalie shifaa na subira ya kuifikia.